Dozi 150, wafanyakazi 400: nani atangulie, na lini chanjo iwe lazima kazini

Orodha ya watakaotangulia kuchanjwa huandikwa kabla kasha la chanjo halijashuka kwenye gari. Likishashuka, kila mwenye namba ya mganga mfawidhi atapiga simu. Maelekezo haya ni ya timu ya uendeshaji ya hospitali au kituo cha afya, ingawa ofisi ya utumishi ya kiwanda au shule inaweza kuyafuata ikibadilisha majina ya idara. Mfano wetu ni hospitali ya wilaya ya kubuni: wafanyakazi 400, dozi 150. Chanjo tumeikopa tabia za AstraZeneca ya Uviko-19: kichupa cha dozi 10, mililita 0.5 kwa mtu, sindano mbili zinazopishana wiki 8 hadi 12. Makosa mengi ya mwaka 2021 yalifanyika na chanjo hiyo, kwa hiyo inafundisha vizuri.

Anza na chanjo, watu baadaye

Jiulizeni chanjo hii inazuia nini: kifo, kuugua, au kuambukiza wengine? Majibu haya matatu hutoa orodha tatu tofauti. Inayozuia kifo zaidi ya kitu kingine iende kwanza kwa wazee na wenye kisukari, shinikizo la damu, selimundu na mengineyo. Inayokata maambukizi ina thamani kubwa kwa anayekutana na watu wengi kwa siku. Ebola, inayoambukiza kwa kugusana na mgonjwa au maiti, haina haja kabisa ya makundi ya umri, unachora duara. Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, kwa sehemu kubwa kwa njia hiyo: waliomgusa mgonjwa, waliowagusa hao, na wahudumu wa afya. Duara la pili lina kazi yake. Kinga ya chanjo ile huchukua siku kama 10 kujengeka, na aliyemuuguza mgonjwa juzi huenda tayari anacho kirusi. Jirani yake ndiye ambaye chanjo inaweza kumfikia kabla ya ugonjwa.

Baada ya hapo andikeni lengo kwa sentensi moja, mfano: “Dozi hizi ni za kupunguza vifo vya wafanyakazi na kuzuia wodi zisifungwe.” Msisitizo uwe kwenye moja. Timu inayoandika malengo matano haijachagua chochote, na itarudi kugombana siku ya kwanza ya zoezi.

Kuhesabu watu

Tumieni ratiba ya zamu, msitumie orodha ya mishahara. Orodha ya mishahara haina wafagiaji walioletwa na kampuni ya usafi, haina walinzi wa mkataba, madaktari tarajali, wanafunzi wa uuguzi, wanaojitolea, wala yule mzee wa mochwari anayelipwa kwa siku. Hao ndio wanaokunja mashuka yenye makohozi. Pitieni kila wodi saa 2 usiku na saa 2 asubuhi, siku mbili tofauti, mkiandika kila aliyepo na anachofanya kwa mikono yake. Kazi hii huchukua siku mbili, na ndiyo inayoamua haki ya zoezi lote.

Gaweni kwa kazi, cheo kisiingie. Kundi A ni wanaovuta hewa moja na mgonjwa kwa muda mrefu au wanaoshika majimaji yake: wodi ya wagonjwa wa kifua, dharura, wanaochukua sampuli za puani, na wafagiaji wa humo humo. Kundi B ni mapokezi, wodi ya wazazi, dirisha la dawa, madereva wa gari la wagonjwa. Kundi C ni wahasibu, stoo, masjala, ofisi ya utumishi. Daktari bingwa ambaye siku hizi anahudhuria vikao tu yuko C. Atakasirika.

Ndani ya B na C tenga walio hatarini: wenye miaka 50 na zaidi, au wenye ugonjwa sugu ulio kwenye orodha mliyoibandika. Msimtake mtu ataje ugonjwa wake. Fomu iwe na swali moja, “Je, una hali yoyote kati ya hizi?”, na jibu la ndiyo au hapana. Wachache watadanganya, hasara yake ni ndogo kuliko ya muuguzi mwenye VVU anayeacha kuandika kabisa kwa kuogopa masjala.

Sasa hesabu. Tuseme A ni 96, B ni 170, C ni 134. Kundi A lote linachukua 96, zinabaki 54. Ndani ya B walio hatarini ni 38, zinabaki 16. Hapa ndipo timu nyingi huteleza: zinaendelea kushuka na B mpaka dozi ziishe. Lakini lengo letu lilisema vifo. Mhasibu wa miaka 58 mwenye kisukari yuko karibu na kifo kuliko kijana wa miaka 26 wa mapokezi, kwa hiyo baada ya B walio hatarini wanafuata C walio hatarini. Hao ni 29, dozi ni 16.

Kwa 16 kati ya 29 pigeni kura ya vikaratasi. Namba 1 hadi 29, vikaratasi vya ukubwa mmoja, ndoo, mtoto wa kuchota au mtu asiye mwajiriwa, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiangalia. Chota zote 29 hadi mwisho ili mpate mpangilio kamili. Namba 17 hadi 29 ndio orodha ya akiba, na itahitajika, kwa sababu kundi A halitajitokeza lote. Aliyekataa au asiyefika ndani ya siku tatu, dozi yake inashuka kwa anayefuata bila kikao. Akibadili mawazo, anarudi mbele ya foleni mzigo ujao.

Kuhusu mifumo ya alama, yaani kumpa kila mtu pointi na kupanga foleni kwa jumla yake. Ni vizuri kuiogopa kidogo. Desemba 2020 hospitali moja ya chuo kikuu huko California ilitumia kanuni iliyotoa alama kwa umri na kwa idara. Madaktari waliokuwa masomoni kuchukua ubingwa walikuwa vijana, na kwa kuwa walizunguka idara zote, hawakuwa na idara ya kudumu kwenye mfumo. Katika dozi 5,000 za mwanzo waliingia 7 tu, kati ya zaidi ya 1,300, na ndio waliokuwa wakilala na wagonjwa wa Uviko. Hakuna aliyewaonea kwa makusudi. Kanuni haikujaribiwa kwa jina la mtu. Kabla ya kutangaza orodha yenu, chagueni watu kumi mnaowajua kwa sura: mfagiaji wa usiku, daktari tarajali, mjamzito, dereva, mkurugenzi. Fuatilieni kila mmoja anaangukia wapi. Mkishtuka, kuna kosa.

Ubaoni bandikeni kanuni, idadi ya kila kundi na tarehe. Majina hayabandikwi. Wajumbe wa bodi wawekwe kwa maandishi kwenye kundi C, mapema, wakati bado hakuna anayejali. Februari 2021 mawaziri wa afya wa Peru na Argentina waliondoka madarakani, mmoja kwa kujiuzulu na mwingine kwa kutakiwa ajiuzulu, baada ya kujulikana kuwa wakubwa na rafiki zao walichanjwa kando ya foleni.

Dozi ya pili na tarehe ya mwisho

Je, mchanje 150 leo, au 75 na kuwawekea wao wenyewe sindano ya pili? Angalieni karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya mkoa au kaunti inayotaja tarehe ya mzigo unaofuata. Ikiwa iko ndani ya wiki 12, tumieni zote. Uingereza ilifanya hivyo kuanzia mwishoni mwa Desemba 2020, ikasogeza dozi ya pili hadi wiki 12. Ikiwa barua haipo, kumbukeni Kenya: ilipokea dozi zaidi ya milioni moja mwanzoni mwa Machi 2021, kisha India ikabana usafirishaji, na waliochomwa ya kwanza wakasogezewa ya pili kutoka wiki 8 hadi 12. Karatasi ya pili ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Malawi ilichoma moto dozi 19,610 Mei 2021. Zilikuwa sehemu ya shehena iliyofika ikiwa imebakiza siku 18. Kuhifadhi dozi kupita tarehe yake ni kuitupa polepole.

Siku ya zoezi kichupa ndicho bwana. Kikishatobolewa kina saa 6, kwa hiyo msikifungue kwa watu wanne. Iteni watu 10 kwa saa moja, na muwe na watano wa akiba wanaoweza kufika ndani ya nusu saa, namba zao zikiwa mezani kwa mchanjaji. Dozi 150 ni vichupa 15. Vichupa vitatu kwa siku vinamaliza kazi kwa siku tano, na hakuna haja ya kukimbia zaidi ya hapo. Andikeni saa ya kutoboa kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika. Kila aliyechomwa akae dakika 15 akiangaliwa, na adrenalini ya 1 kwa 1,000 iwe imewekwa tayari: mililita 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, ikiwa mzio mkali utatokea.

Msichanje wodi nzima siku moja. Homa na maumivu ya viungo huja kesho yake, na wodi ya wauguzi 12 ikikosa 5 asubuhi, mnaozuia isifungwe mtakuwa mmeifunga wenyewe. Theluthi moja kwa siku inatosha, mkianza na wanaotoka zamu kwenda mapumziko.

Kuifanya lazima

Mwajiri anayetaka kulazimisha ajibu kwanza maswali matatu. Dozi zipo za kumtosha kila anayelazimishwa? Chanjo inawalinda wengine, au anayechanjwa peke yake? Barakoa, madirisha wazi, na kuhamishiwa kazi nyingine vimeshindikana? Jibu la kwanza likiwa hapana, mengine hayahitajiki. Agosti 2021 watumishi wa umma Kenya walipewa hadi tarehe 23 ya mwezi huo wawe wamechanjwa au wachukuliwe hatua za nidhamu, wakati chanjo bado zilikuwa za kugombania. Novemba likaja tangazo pana zaidi, la kudai uthibitisho wa chanjo kwa anayetaka huduma za serikali. Desemba Mahakama Kuu ikalisimamisha. Tanzania ilipoanza tarehe 28 Julai 2021 ilitangaza hiari, pamoja na fomu ya ridhaa.

Sharti lenyewe si jambo geni kwetu. Anayevuka mpaka na kadi ya manjano anaijua kanuni yake: chanjo ya homa ya manjano inahesabika baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 inatosha maisha yote. Inakubalika kwa sababu chanjo ipo, inajulikana kwa miongo mingi, na kanuni ni moja kwa waziri na kwa utingo.

Mkiona sharti linastahili, fuateni mpangilio uliowekwa Afrika Kusini Juni 2021, ambao ni mzuri hata kwa nchi nyingine. Mwajiri alipewa siku 21 kufanya tathmini ya hatari, akitaja ni kazi zipi, si watu gani, zinazohitaji chanjo. Anayekataa alipaswa kwanza kupewa nafasi ya kuzungumza na mwakilishi wake na ushauri wa afya, kisha mwajiri atafute namna ya kumweka: kazi ya peke yake, kazi ya nyumbani, barakoa ya N95. Chama cha wafanyakazi kiitwe kabla rasimu haijapigwa chapa. Siku ya sindano na siku ya homa zilipwe. Kwa Kenya, kumfukuza mtu bila kumsikiliza kunagonga kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, hata kama sera yenu ni nzuri kiasi gani.

Taarifa ya aliyechanjwa na asiyechanjwa ni taarifa ya afya. Ofisi ya utumishi ipewe ndiyo au hapana tu. Sababu ya msamaha ibaki kwa daktari kwenye kabati lenye kufuli. Daftari lililo wazi getini, ambalo mlinzi anasoma majina kwa sauti, ndilo linaloanzisha kesi.

Kwa sehemu nyingi za kazi tungependekeza njia ya katikati, ambayo Marekani imeitumia tangu 1991 kwa homa ya ini aina ya B. Mwajiri analazimika kutoa chanjo bure ndani ya siku 10 za kazi tangu mtu apangiwe kazi yenye damu. Mfanyakazi anaweza kukataa, lakini asaini. Fomu inatosha nusu ukurasa: nimeelezwa hatari ya kazi yangu, nimepewa chanjo bila malipo, nimeikataa kwa sasa, naelewa naweza kuugua. Chini ya saini acheni mstari wa pili, wenye nafasi ya tarehe: “Nimebadili uamuzi na nataka chanjo.” Atakayesaini hapo achanjwe bure kama wenzake, hata ikiwa ni miaka mitatu baadaye, na asiulizwe kwa nini alichelewa.