Kuchora na kukausha maua ya porini ukiwa huku kwetu kwenye unyevu

Kama unaishi Kisumu na umewahi kuweka ua katikati ya kitabu, huenda ulifungua baada ya wiki mbili ukapata kitu cheusi chenye ukungu, ukaacha. Usiache. Shida ni unyevu tu. Mwaka wa kwanza mimi nilipoteza karibu thelathini hivi, mengine nilikuwa nimeyatoa nyumbani kwa kukhu (nyanya yangu) Kakamega na sijayaona tena pale, na bado naumia nikikumbuka.

Kitu cha kwanza, chora kabla ya kukausha. Watu wengi wanakausha kwanza alafu wanasema watachora wakipata nafasi, na hapo ndio wanakosea, juu ua likishalala chini ya mbao siku kumi limekuwa bapa, rangi imeenda, na huwezi tena kujua petali zilikuwa zimeangalia wapi. Chukua lile ua jekundu lenye kingo za njano linalopanda vichakani, Gloriosa superba, petali zake zimegeuka juu kama miali ya moto na stameni (vile vijinyuzi vyenye poleni) zimetandazwa kwa upande, ukilikandamiza bila kulichora hiyo yote imepotea. (Hilo ni sumu, hasa kiazi chake, nawa mikono na usiwape watoto wachezee.) Na ile Commelina ya bluu inayotambaa kwa shamba, hiyo haikungoji kabisa, inafunguka asubuhi na kufika saa sita mchana imejikunja, kwa hivo chora hapo hapo ukiwa umechuchumaa.

Kama hujawahi kuchora anza na sagaa. Naam, ile mboga, dek ya Wajaluo, tsisaga ya Waluhya, acha mche mmoja upande juu utoe maua. Jani lake moja limegawanyika vijani vitano mara nyingi, wakati mwingine vitatu ama saba, hesabu, usikisie. Alafu njoo kwa ua. Petali ni nne, stameni sita ndefu, na hizo stameni hazitokei pale chini penye petali kama ungedhani, zinatokea juu kwenye kijiti chembamba kinachosimama katikati ya ua. Mimi nililima sagaa miaka yote na sikuwahi kuona hicho kijiti mpaka siku nililazimika kukichora. Ndio maana nachora hata kama simu yangu ina kamera nzuri, picha inakupa mche mmoja kwenye mwanga wa siku moja, lakini kuchora kunakulazimisha uamue kila kitu kimeshikana wapi. Joy Adamson, kabla dunia imjue kwa simba, alikuwa anachora maua ya Kenya, na michoro yake mingi iko kwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, ukipita huko uitafute uone vile alikuwa makini na mshipa wa jani.

Vifaa ni vichache. Penseli ya HB na nyingine ngumu kama 2H, rula, raba, wembe, na lenzi ya kukuza mara kumi ukipata. Pima mmea kwa rula na uchore saizi yake halisi, kama ni mkubwa sana punguza lakini weka mstari mdogo wa sentimita kando ili mtu ajue. Mwanga uchukulie unatoka juu kushoto, hivo ndio wachoraji wa mimea wengi wanafanya. Pasua ua moja kwa wembe kutoka juu hadi chini na uchore ndani yake kando kwa ukubwa mara mbili ama tatu. Mitoo, ile mboga nyingine ya kienyeji, ni tamu sana kuchora hapa, ua lake la njano limekaa kama la maharagwe na ganda likikauka mbegu zinacheza ndani, chora ganda zima na lililopasuliwa. Rangi fanya siku hiyo hiyo hata kama ni vidoa tu kando ya karatasi, na uandike hiki ni cha petali, hiki ni cha shina, juu bluu na zambarau hazikai kwenye ua lililokauka.

Sasa kukausha. Mwambie fundi akukatie plaiwudi mbili za karibu sentimita 30 kwa 45, atoboe mashimo kadhaa. Kartoni za dukani kata saizi hiyo hiyo, magazeti unayo, na ya kufungia nunua blada mbili kwa watu wa kuziba magurudumu, hakuna mkanda unaobana kama blada. Panga mbao, kartoni, gazeti, mmea, gazeti, kartoni, endelea hivo, na vile vijimfereji vya ndani ya kartoni vyote vielekee upande mmoja ili hewa ipite. Ng'oa mmea mdogo na mizizi yake, suuza matope, ukiwa mrefu ukunje kama herufi V ama N. Geuza jani moja ili mgongo wake uonekane. Gugu maji la pale ziwani lina vishina vilivyovimba kama sifongo, vipasue katikati kwa urefu, la sivyo vitaoza.

Vuna kama saa tatu ama saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Siku ya pili badilisha magazeti na hapo ndio unyooshe majani yaliyokunjika, bado ni laini yanakubali. Badilisha kila siku kwa siku nne ama tano. Hii ndio siri yote ya Kisumu, magazeti makavu kila siku, hakuna njia ya mkato. Msimu wa mvua simamisha mbao kwa ubavu na uelekeze feni kwa vile vijimfereji. Usianike juani, rangi inaungua. Nakuru mambo ni rahisi kidogo, iko juu zaidi na hewa ni kavu. Kujua kama imekauka, gusisha jani kwa mdomo, likiwa baridi bado lina maji.

Lebo andika saa hiyo hiyo ulipovuna: mahali, tarehe, mwinuko (simu itakuonyesha), udongo, urefu wa mmea, rangi, harufu, jina la kienyeji na ni la lugha gani, jina lako na namba ya huo mmea kwa orodha yako. Bila hiyo umekausha nyasi. Majina waulize wazee, kukhu ndiye aliniambia yale maua makubwa ya njano ya kando ya barabara ni amalulu, kwa ule uchungu wake, na huo mmea, Tithonia, ulitoka Mexico na Amerika ya Kati, lakini umeshapewa jina letu.

Kwa Msitu wa Kakamega, Buyangu upande wa KWS (shirika la wanyamapori) usichume kitu bila kibali, na Isecheno ongea na watu wa misitu kwanza. Kando ya barabara na fensi za mashamba zinatosha, omba mwenye shamba. Mmea ukiwa peke yake uchore tu uuache.

Bandika kwa manila nyeupe ya saizi ya A3, gluu nyeupe iliyoongezwa maji kidogo na vipande vyembamba vya karatasi kushika shina. Seloteipu hapana, inageuka njano na kung'oka. Mbegu zilizodondoka weka kwa bahasha ndogo pembeni.

Wadudu watakuja. Funga karatasi zako ndani ya nailoni uzibe kabisa, weka kwa friza wiki moja, na ukitoa usifungue mpaka zifike joto la chumba, manake ukifungua zikiwa baridi maji yatatua kwa karatasi na utakuwa umerudi kwa ukungu.