Dawa za minyoo na za amiba si sawa kwa bakteria wa tumboni

Kila zinapogawiwa dawa za minyoo na kichocho maskulini, Unguja na Pemba, huwapo wazazi wanaohofu kwamba zitaua bakteria wema walio tumboni mwa mtoto. Hofu hiyo ni bora ielekezwe panapostahiki. Albendazoli, ambayo ni dawa ya minyoo, huvuruga protini iitwayo tubulini ndani ya seli za mnyoo, ambayo bakteria wa tumboni hawanayo, hivyo athari yake ya moja kwa moja kwao ni ndogo, ingawa kuondoka kwa minyoo wenyewe kunaweza kubadilisha uwiano wao. Metronidazoli, inayotibu amiba na jiadia, vimelea vya tumboni ambavyo si minyoo, ni jambo jingine kabisa, kwani huua pia bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, na wengi wa wakaazi wa utumbo mpana ni wa aina hiyo. Kwa hiyo nawasihi sana wanaoinunua dukani kila tumbo linapouma, bila ya kupima choo, waache. Ukiandikiwa na daktari, imalize dozi kama ulivyoelekezwa, na siku hizo na baada yake ule kunde, choroko, mchicha na matunda, ambavyo nyuzinyuzi zake ndizo chakula cha bakteria hao.