Somo: Flashi imejaa shotkati? Usiifomati, vitu vyako vimo humo humo

Umetoka steshenari kutoa kopi, unachomeka flashi nyumbani, kila folda imegeuka shotkati yenye mshale mdogo na ukubwa wa KB 1 au 2. Tulia kwanza. Bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, tazama nafasi iliyotumika. Kama bado inasoma GB 3, hakuna kilichofutwa. Kirusi kimeyapa mafaili yako alama mbili, H ya kufichwa na S ya mali ya mfumo, kikaweka shotkati zenye majina yaleyale. Ukiibonyeza, folda inafunguka kweli, ndiyo maana wengi hawashtuki. Kumbe kwa chinichini kirusi kimeshajinakili kwenye kompyuta, kinasubiri flashi ijayo.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kumpa fundi elfu tano aisafishe flashi yangu. Aliisafisha kweli, na picha za harusi ya mdogo wangu zikaenda na maji.

1. Fungua This PC uone flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Usibonyeze chochote ndani yake.

2. Kwenye Start andika cmd, piga Enter. Litatokea dirisha jeusi.

3. Andika E: halafu Enter. Mstari lazima usomeke E:\> ndipo uendelee. Ukiona bado ni C, simama hapo hapo. Amri zifuatazo si za kuchezea huko.

4. Andika del *.lnk uondoe shotkati.

5. Andika attrib -h -s -r /s /d *.* kisha subiri. Alama za H na S ziondolewe kwa pamoja, maana ukijaribu H peke yake Windows inakataa. Ukiletewa Access denied kwenye System Volume Information, achana nayo, ni folda ya Windows yenyewe.

6. Mafaili yamerudi? Virusi vingine huyasukumia kwenye folda isiyo na jina kabisa, ifungue, yamo. Kwenye View washa File name extensions, nakili nyaraka na picha zako tu. Faili la .vbs, .js au .exe usilolijua liache huko huko.

Sasa kompyuta, maana ukiisahau utarudia kazi hii kila wiki. Piga Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, ukikuta wscript.exe (programu ya Windows inayoendesha mafaili ya .vbs na .js) inafanya kazi bila wewe kuiita, ichague na ubonyeze End task. Pitia na sehemu ya Startup, zima usichokijua. Halafu fungua Windows Security, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kuwaka, ikague kwa kama dakika 15. Baada ya hapo ndipo ufomati flashi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi inaniambia Parameter format not correct. Nimerudia mara nne.
Ni nafasi hizo. Kistari na herufi vigandane, -h, si - h. Kati ya alama moja na nyingine ndipo uache nafasi.

Somo limenikuta nimeshafomati jana. Ndiyo basi tena?
Hapana, pole dada. Kama ilikuwa Quick Format na hujaweka kitu kipya, usiiguse tena. Jaribu programu ya kurudisha mafaili kama Recuva, au PhotoRec ambayo ni ya bure, ila hiyo hairudishi majina ya awali. Utakavyovipata vihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye flashi hiyo hiyo.

Kwangu natumia Ubuntu badala ya Windows na mafaili nayaona yote, ila kazini wananiambia flashi yangu ina kirusi. Nani mkweli?
Wote. Ubuntu haizijali hizo alama za H na S, kwa hiyo kwako hakuna kilichofichika. Chukua fursa hiyo, futa .lnk na .vbs hapo hapo kwako.

Nina flashi ya GB 32 tupu, inakataa video ya GB 5. Nayo ni kirusi?
Hapana kaka, hiyo imefomatiwa kwa mpangilio uitwao FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati iwe exFAT.

Na nikienda tena steshenari?
Tuma PDF kwa barua pepe, flashi ibaki nyumbani. Wakishachapisha, simama hapo waifute mbele yako, hasa kama ni nakala ya kitambulisho.