Somo: Kanzidata ya nyumbani kwa LibreOffice Base, ambayo hata asiyependa kompyuta ataitumia

Wakuu, swali la jinsi ya kutengeneza kanzidata ya nyumbani linaulizwa kila mara, na kila mara naandika upya yale yale. Leo naandika mara ya mwisho. Atakayeuliza tena atapewa kiungo cha hapa.

Base ni programu ya kanzidata, yaani ya kutunza data iliyopangwa kwenye majedwali. Ni ya bure na imo ndani ya LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi. Si programu ya juzi: ilianza na OpenOffice.org 2.0 mwaka 2005, na LibreOffice ilipojitenga mwaka 2010 iliondoka nayo. Watu wa nyumbani wanaikimbia kwa sababu wakiifungua tu wanakutana na majedwali na lugha ya mafundi, wakati wao wanataka kujua nani kaondoka na kitabu chao. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: majedwali uyaone wewe unayetengeneza, wengine wote waone fomu, yaani ukurasa wa visanduku vya kujaza.

Mfano wetu ni vitabu vinavyoazimwa.

1. Andika kwenye karatasi maswali utakayoiuliza kanzidata. Kitabu kiko kwa nani? Kilitoka lini? Kama shida yako ni kujumlisha namba tu, baki na Calc, ile ya LibreOffice inayofanana na Excel.

2. Sakinisha LibreOffice, kisha Java, programu ambayo kanzidata hii inaihitaji ili ifanye kazi. LibreOffice ya biti 64 inataka Java ya biti 64.

3. Fungua Base, chagua kanzidata mpya ya HSQLDB (injini inayotunza data ndani ya faili la Base), ipe jina, hifadhi.

4. Tengeneza majedwali mawili. Msaidizi (wizard) wa majedwali anayo ya kuanzia, hata ya mapishi na mimea, lakini hapa tunaunda wenyewe. La kwanza, Vitabu: KitabuID, Jina, Mwandishi. La pili, Azima: AzimaID, KitabuID, Aliyeazima, Ametoka, Amerudi.

Hatua hii isome mara mbili. Kila jedwali lazima liwe na ufunguo wa msingi (namba inayotambulisha kila rekodi, hapa KitabuID ya Vitabu na AzimaID ya Azima), la sivyo Base italifungua kwa kusoma tu na hutaandika kitu. KitabuID ndani ya Vitabu iwe namba kamili, ya kujiongeza yenyewe. Sasa mtego: KitabuID ndani ya Azima iwe namba kamili VILEVILE, ila ISIJIONGEZE. Huko kazi yake ni kukumbuka kitabu gani kimetoka. Ukiiacha ijiongeze, azima ya kwanza itadai kitabu cha kwanza, ya pili kitabu cha pili, na utaona rekodi zinazopendeza lakini za uongo. Ukiifanya maandishi, uhusiano utakataliwa. Tarehe (Ametoka na Amerudi) ziwe za aina ya tarehe, zisiwe maandishi, maana maandishi hayapangiki kwa siku. Rekebisha haya kabla hujaingiza data.

5. Kwenye Zana, Mahusiano, vuta KitabuID ya Vitabu hadi KitabuID ya Azima.

6. Fomu. Mpe msaidizi jedwali la Vitabu, kisha ongeza fomu ndogo (fomu ndani ya fomu) ya Azima kwa uhusiano uliopo. Ukimaliza, ondoa visanduku vya ID, kuza herufi, na badala ya "Ametoka" andika "Kimechukuliwa lini?". Usione ni urembo. Mtu wa nyumbani akiona namba asizozielewa anafunga, harudi.

7. Hoja (swali unaloiuliza kanzidata): chagua majina, aliyeazima na tarehe, na kwenye vigezo vya Amerudi andika IS EMPTY. Hiyo ndiyo orodha ya wadaiwa.

8. Data inaingia kwenye faili la .odb unapohifadhi au kufunga. Usizime kompyuta kwa nguvu Base ikiwa wazi. Ukitaka nakala, funga kwanza, ndipo unakili.

MASWALI

mgeni_mpya: Mkuu imegoma, nifanyeje?

Jibu: Imegoma wapi? Inaandika nini? Kama inalalamikia Java, hatua ya 2.

mgeni_mpya: Hapana, jedwali linafunguka ila haliandikiki.

Jibu: Ufunguo wa msingi. Hatua ya 4.

mzee_wa_safu: Haya yote yanafanyika Excel kwa dakika tano. Mnajitesa bure.

Jibu: Kitabu kimoja kikiazimwa mara kumi, kwenye Excel utaandika jina lake mara kumi, na mara moja utalikosea. Kama hilo halikusumbui, endelea na Excel, hakuna aliyekukataza.

karatasi_nyingi: Asante kwa somo. Tatizo langu: kwa Aliyeazima kila mtu nyumbani anaandika kivyake. Mtu mmoja ana majina matatu. Naweza kuwawekea orodha ya kuchagua?

Jibu: Swali zuri sana, ningeliweka kwenye somo. Unda jedwali la tatu, Watu: MtuID ya kujiongeza, na Jina. Ndani ya Azima, badala ya Aliyeazima weka MtuID, namba kamili isiyojiongeza, kisha unganisha kwenye Mahusiano. Kwenye fomu, ukiwa hali ya usanifu (ya kurekebisha fomu, si ya kuijaza), bofya kisanduku hicho kwa kitufe cha kulia na ukibadilishe kiwe kisanduku cha orodha. Kwenye sifa zake, upande wa data, aina ya orodha iwe Sql (lugha ya kuiuliza kanzidata), na yaliyomo:

SELECT "Jina", "MtuID" FROM "Watu" ORDER BY "Jina"

Sehemu iliyofungwa (inayotunzwa kwenye jedwali) iwe 1, yaani MtuID, kwa kuwa Base inahesabu kuanzia 0. Mtumiaji anaona jina, jedwali linatunza namba. Usiache alama za nukuu. Bila hizo HSQLDB inayageuza majina kuwa herufi kubwa, kisha inadai hayapo.

karatasi_nyingi: Imekubali! Na orodha yangu ya zamani ya Calc?

Jibu: Nakili safu zote pamoja na vichwa, nenda Majedwali kwenye Base, bandika. Dirisha likitokea, kubali kuunda ufunguo wa msingi. Namba za simu ziwe maandishi, sifuri ya mbele isipotee.

fundi_jirani: Nyongeza: ukisajili kanzidata, ndani ya Writer bonyeza Ctrl+Shift+F4, majedwali yanatokea juu. Mimi nachapishia lebo za bahasha.

Jibu: Kweli, na Calc pia.

mgeni_mpya: Naweza kuliweka faili mtandaoni tukaandika watu wawili kwa pamoja?

Jibu: Hapana. Hii ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mkiwa wawili, Base inaweza kuunganishwa na seva ya MariaDB au PostgreSQL (kanzidata za watu wengi kwa pamoja), fomu zikabaki Base. Ila hilo ni somo jingine, na kwanza niambie ule ufunguo umeweka.