Fungua waya kwanza, ndipo upime ethi

Ukitaka kujua kama fimbo ya ethi ya nyumba (chuma kilichochomekwa ardhini kupeleka umeme unaovuja udongoni) bado inafanya kazi, zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba waya wa ethi hauna umeme, kisha ufungue kwenye klempu inayoushika kwenye fimbo, ndipo upime kwa mita ya ethi, ile yenye vijiti viwili vya chuma vya kuchomeka ardhini. Ukiuacha umefungwa, mita inasoma pia mabomba ya chuma na nondo za msingi, na fimbo iliyoliwa na kutu itaonekana nzima. Chomeka kijiti cha mbali mita 20 kutoka kwenye fimbo, cha kati mita 12, vyote mstari mmoja. Soma omu (kipimo cha ukinzani; namba ndogo ndiyo nzuri), halafu sogeza kile cha kati mita 1 mbele, kisha mita 1 nyuma. Namba zikikaribiana, ziamini; zikipishana sana, kijiti cha mbali kisogee zaidi. Vijiti unaweza kuvilowesha, lakini fimbo yenyewe usiimwagie maji ili namba ishuke: kiangazi itapanda tena, na atakayepigwa shoti ni mwenye nyumba. Mita ya kubana waya haifai hapa, kwani inahitaji mzunguko uliofunga, na hapa waya umeufungua. Ukimaliza, sugua kutu kwenye klempu, rudisha waya, kaza, ndipo uwashe.