Diski ya nje inagoma kusoma: kopi kwanza, matengenezo baadaye

Juzi kaka mmoja anayepiga video za harusi aliniletea diski yake ya nje ya TB 1. Ukifungua folda, kompyuta inazunguka weee, halafu inatema "cyclic redundancy check", yaani data iliyosomwa haikutoka sawa. Ukisubiri zaidi, Windows inakushauri uifomati. Kuna mtu alikuwa ameshamwambia aiwashie chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) ilale nayo usiku kucha. Nilimkatalia, nikamwandikia hatua hizi kwa WhatsApp. Nazirudia hapa kwa mpangilio mzuri kidogo.

Msimamo wangu ni mmoja: diski inayoshindwa kusoma haitengenezwi ikiwa bado na data ya watu ndani. chkdsk inaandika juu ya diski ileile mgonjwa, na ile /r inailazimisha kusoma kila kona, mbovu na nzima. Kazi yake ni kuuweka sawa mpangilio wa faili. Kuokoa faili zako si kazi yake.

Hatua ya 1: Isikilize

Ichomeke, tega sikio. Ikivuma taratibu, endelea. Ikigonga ko, ko, ko kwa mpigo uleule, au ikijaribu kuzunguka kisha ikasimama, ichomoe hapohapo. Mara nyingi vichwa vya kusomea vimekwisha au vimekwama, na hakuna programu inayotibu chuma. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake si ya mchezo. Usiifungue mezani, wala usiiweke kwenye friza. Unyevu utaganda juu ya sahani za ndani zinazobeba data, na hapo hata maabara watakurudishia.

Hatua ya 2: Badili waya

Usiiruke kwa sababu ni rahisi. Ile pini pana ya USB 3 inayoingia kwenye diski hulegea mapema. Tafuta waya mwingine, mfupi, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Diski ndogo hutegemea umeme wa USB tupu: tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake hutoa mA 500, la USB 3.0 mA 900, na diski hula zaidi pale inapoanza kuzunguka. Zile kubwa zenye adapta, jaribu adapta nyingine ya volti zilezile na ampea zisizopungua.

Hatua ya 3: Soma SMART

SMART ni kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Ili uisome, weka CrystalDiskInfo kwenye Windows. Namba zake huja kwa heksadesimali (hesabu ya kumi na sita), si za kawaida. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC]. Kisha angalia mistari minne tu:

- 05: sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizokufa zikabadilishwa na za akiba.
- C5: sekta zilizoshindwa kusomeka, zinasubiri uamuzi.
- C6: zilizoshindikana kabisa.
- C7: makosa ya mawasiliano njiani. Ikipanda hii peke yake, rudi hatua ya 2, huenda kosa liko kwenye waya au boksi (kasha la nje la diski).

C5 ikiwa juu ya sifuri, acha kufungua folda na nenda hatua ya 4. SMART isipoonekana kabisa usishangilie. Maboksi mengine ya USB hayaipitishi.

Hatua ya 4: Kopi diski nzima kwa ddrescue

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kukokota folda kwa mausi hakufai. Windows ikifika kwenye sekta mbovu inang'ang'ania hapohapo, na kila kung'ang'ania kunaimaliza diski. ddrescue ya GNU inaziruka sehemu mbovu, inachukua kwanza zote zinazosomeka kirahisi, kisha inarudi kwenye mabaki. Ni ya bure. Zile programu za kulipia zenye kitufe kikubwa cha "Scan Now" mimi siziweki kwenye mashine ya mteja.

Weka SystemRescue (Linux inayowaka kutoka kwenye flashi) kwenye flashi kwa kutumia programu ya Rufus, washia nayo kompyuta. Ddrescue imo tayari. Ukitumia Ubuntu, kifurushi kinaitwa gddrescue ingawa amri ni ddrescue. Ile dd_rescue yenye mstari wa chini ni programu nyingine kabisa.

Utahitaji diski ya pili yenye nafasi tupu inayozidi ukubwa wote wa ile mbovu. Hata kama data ni GB 200, diski ikiwa ya TB 1, tafuta nafasi ya TB 1 na ushee. Isiwe FAT32, maana huko faili moja haliwezi kufika GB 4.

Sasa zitambue:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha namba ya seriali na stika iliyo kwenye diski, uandike kwenye karatasi. Linux huziita diski sda, sdb, sdc. Usiamini kwamba sdb ya jana ndiyo sdb ya leo, majina hayo yanaweza kubadilika kila unapochomeka. Ndiyo maana pia nakopi kwenda kwenye faili la imeji (faili moja lenye nakala ya diski yote) badala ya diski kwenda diski. Ukikosea herufi moja kwenye diski kwenda diski, umeifuta harusi ya mtu.

Tuseme mbovu ni sdb na nzima ni sdc. Iunganishe (mount) kwenye folda ya /mnt ile nzima tu:

mount /dev/sdc1 /mnt
df -h /mnt

Amri hiyo ya pili usiiache hata kama una haraka. Kama diski haikuunganika, /mnt ni folda tupu ndani ya RAM, na ddrescue itaanza kukopi bila kulalamika mpaka nafasi hiyo ijae, na ukizima kompyuta kila kitu kinapotea. Hakikisha ukubwa unaouona ni wa diski yako. Ile mbovu usiiunganishe popote.

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/harusi.img /mnt/harusi.map

Ni sdb, siyo sdb1. Tunataka diski yote, si kipande chake kimoja. Faili la .map ndiyo roho ya kazi: linakumbuka kilichosomwa na kilichobaki. Umeme ukikatika, unganisha tena diski ya kopi kwenye /mnt, kisha rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia. Ukilifuta, unaanza upya. Ctrl+C nayo ni salama muda wowote, kwa hiyo diski ikichemka simamisha, ipoe, uendelee. Weka feni pembeni.

Ukiona makosa yanapanda kwa kasi ghafla na "rescued" haisogei, mara nyingi diski imejikata kwenye USB. Simamisha, chomoa, chomeka, piga lsblk tena. Huenda sasa inaitwa sdd. Badili jina hilo tu. Imeji na ramani ziache zilezile.

Kuwa na subira. Kwenye USB 2.0, kwa takriban MB 30 kwa sekunde, TB 1 inachukua zaidi ya saa tisa hata diski ikiwa nzima. Zima usingizi wa laptopu.

Duru ya kwanza ikiisha, kamua mabaki:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/harusi.img /mnt/harusi.map

Ikifika asilimia 99 na ushee huku diski inazidi kuchoka, mimi huacha. Si kila sekta ina kitu ndani.

Hatua ya 5: Toa faili kwenye imeji

Ichomoe ile mbovu. Kama ilikuwa NTFS, 7-Zip hufungua imeji moja kwa moja. Ikigoma, TestDisk, programu ya kurudisha faili. Ikigoma nayo, PhotoRec, inayochota faili bila kutegemea folda, ila majina ya faili yatapotea. Video zenye mashimo zijaribu kwa VLC kabla ya kuzitupa.

Hatua ya 6: Na diski yenyewe?

Data ikishakuwa sehemu mbili, ifomati kikamilifu kwenye Windows; ondoa tiki ya Quick Format ili iandike sifuri kila sekta. Rudi kwenye SMART. C5 ikirudi sifuri na 05 haijasogea, huenda ilikatikiwa umeme ikiwa inaandika. Iwekee filamu, kazi za wateja hapana. 05 ikipanda, na wiki ijayo ikapanda tena, ifungue utoe sumaku. Zina nguvu sana. Za kwangu zimebandikwa ukingoni mwa meza, zinashika skrubu.