Biashara ya Kufuma na Kroshia Nyumbani Baada ya Kustaafu

Uzi ukiisha unanunua mwingine. Saa ambazo vidole vyako vinaweza kufuma bila maumivu hazinunuliki popote. Kwa hiyo kila uamuzi kwenye biashara hii, kuanzia aina ya uzi hadi bei na tarehe ya kukabidhi mzigo, uanze na swali hili: mikono yako inaweza kutoa saa ngapi za kazi nzuri kwa wiki?

Mikono na macho kwanza

Kwa mtu aliyevuka miaka 60, saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni mwanzo wa busara. Zigawe: fuma dakika 25, weka kazi chini dakika 5, simama, kunja na kunjua vidole, zungusha mabega. Tumia saa ya kengele, maana anayefuma hasikii uchovu ukiingia. Huusikia jioni, wakati umeshakuwa maumivu. Kubadilisha kazi nako kunasaidia. Kufuma kwa sindano mbili hugawa mzigo kwa mikono yote, kroshia huuweka zaidi kwenye kifundo cha mkono mmoja, kwa hiyo ni vizuri kuwa na kazi moja ya kila aina inayoendelea.

Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Usiivumilie ukitarajia itaondoka yenyewe. Mwone daktari mapema, kwa sababu mshipa ukibanwa muda mrefu misuli iliyo chini ya gumba inaweza kusinyaa. Kidole kinachokwama kikikunjwa, au maumivu kwenye shina la gumba, navyo vinahitaji kuangaliwa kabla ya kupokea oda nyingine.

Vifaa vinapunguza mzigo kuliko watu wengi wanavyodhani. Blanketi likining'inia kwenye sindano mbili ndefu zilizonyooka, uzito wote unabebwa na vifundo vya mikono. Sindano za mviringo, zile mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini, huuacha uzito huo ulale mapajani. Chukua zenye urefu wa sentimita 80 hadi 100, utafumia blanketi, sweta na shali kwa kwenda na kurudi. Sindano za mianzi au mbao ni nyepesi, hazina baridi ya chuma na haziachii vitanzi ovyo. Kwa kroshia tafuta kulabu yenye mpini mnene. Mpini mwembamba unakulazimisha kuubana. Uzi wa pamba hauvutiki, hivyo kila kitanzi kinadai nguvu kidogo zaidi ya vidole. Sufu na akriliki hutii kirahisi. Kama viungo vinauma, pamba iwe kwa vitu vidogo tu.

Kuhusu macho: jicho la miaka 60 hupata karibu theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la miaka 20. Taa iliyotosha zamani haitoshi tena. Iweke karibu, itokee juu ya bega la kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Uzi mweusi na wa buluu nzito ufume mchana tu, huku umetandika kitambaa cheupe mapajani. Mwanga unapita kati ya vitanzi na kila kimoja kinaonekana. Una haki kabisa ya kukataa oda ya sweta jeusi.

Bidhaa tatu, zisizidi tano

Kishawishi ni kufuma kila kinachoombwa. Matokeo yake ni kabati lililojaa uzi wa rangi moja moja na kazi ambazo hujui zitachukua muda gani. Chagua bidhaa chache, zote zitoke kwenye uzi wa unene mmoja. Uzi wa unene wa kati, ule ambao lebo yake inapendekeza sindano za milimita 4, unafaa kofia, soksi za watoto wachanga, blanketi, shali na vizibao. Donge la akriliki la gramu 100 la uzi huo kwa kawaida lina mita 280 hadi 300. Kumbuka kwamba kroshia hula uzi zaidi ya sindano kwa eneo lilelile, takriban robo hadi theluthi.

Sweta la mtu mzima liache liwe la mwisho kwenye orodha. Linachukua saa nyingi kuliko kitu kingine chochote, lazima limkae mtu mmoja mahususi, na lisipomkaa huwezi kumuuzia mwingine.

Ununuapo uzi, soma namba ya mkupuo wa rangi kwenye lebo, yaani namba ya madonge yaliyotiwa rangi kwa pamoja. Madonge mawili ya "rangi moja" yenye namba tofauti yanaweza kufanana dukani na kuonyesha mstari dhahiri yakishafumwa. Nunua ya kazi nzima kwa mara moja pamoja na donge moja la akiba. Ukilazimika kuchanganya, fuma mistari miwili ya donge la zamani na miwili ya jipya kwa sentimita kumi hivi, ili mpaka upotee.

Kipande cha majaribio

Fedha nyingi hupotea kwa kuiruka hatua hii. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue kama mteja atakavyofua, kikaushe, kisha pima sentimita 10 za katikati. Kingo hudanganya, usizihesabu. Kwa uzi wa kati na sindano za milimita 4, lengo la kawaida ni vitanzi 22 na mistari 28 kwa sentimita 10.

Angalia kosa dogo linavyokua. Sweta la kifua cha sentimita 100 linahitaji vitanzi 220. Mkono wako ukilegea ukatoa vitanzi 20 kwa sentimita 10 badala ya 22, vitanzi hivyohivyo 220 vitatoa sentimita 110. Sentimita kumi nzima za ziada, na hakuna ulichokosea kwenye kuhesabu. Vitanzi vikipungua kwa kila sentimita 10, shuka kwenye sindano nyembamba, vikizidi, panda. Usijaribu kukaza mkono kwa makusudi, utasahau baada ya mistari kumi na vidole vitakuuma bure. Pima tena katikati ya kazi, kwa sababu mkono wa asubuhi wenye viungo vilivyokakamaa haufumi sawa na mkono uliokwisha kupata joto.

Kofia ya kroshia ya mtoto wa mwaka mmoja

Tuichukue hii kama mfano, maana ndiyo bidhaa nzuri ya kuanzia. Kichwa cha mtoto wa umri huo kina mzingo wa takriban sentimita 46. Kofia iwe ndogo kwa sentimita 3, yaani 43, ili ishike. Gawanya 43 kwa 3.14, unapata kipenyo cha utosi: karibu sentimita 13.7.

Kwa uzi wa kati na kulabu ya milimita 4, anza na mafundo marefu 12 ndani ya kitanzi cha kuanzia. Fundo refu ni lile unalozungushia uzi mara moja kwenye kulabu kabla ya kuiingiza. Kila mzunguko ongeza 12: 24, 36, 48, 60, 72. Baada ya mzunguko wa sita duara litakuwa na kipenyo cha sentimita 13 na kitu. Lipime. Likitosha, acha kuongeza na endelea na mafundo 72 kwa kila mzunguko hadi kofia ifike sentimita 17 kutoka katikati ya utosi hadi ukingo.

Lilaze duara mezani kila baada ya mizunguko miwili. Kingo zikifanya mawimbi, umeongeza mafundo mengi mno, au mafundo yako ni mafupi. Likijikunja kama bakuli kabla ya wakati, umeongeza machache. Fumua mara moja mpaka mzunguko ulioharibika. Kuendelea kwa matumaini kwamba kulilowesha na kulilaza bapa kutalinyoosha ni nadra kusaidia duara la kroshia.

Vitu vya watoto wachanga vina masharti yasiyojadiliwa. Macho ya mwanasesere wa mtoto chini ya miaka 3 yadariziwe kwa uzi. Vifungo na macho ya plastiki hung'oka na kumezwa. Kamba za kufungia shingoni zisiwepo. Blanketi lenye matundu makubwa hunasa vidole. Ndani ya soksi na glavu kusiwe na nyuzi zinazopita kwa urefu wala ncha zilizoachwa, kwani uzi mmoja unaweza kujisokota kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu. Uzi wenye manyoya marefu usitumike kabisa kwa umri huo.

Umaliziaji

Mteja hugeuza kazi ndani nje kabla ya kulipa, hata asiyejua kufuma. Acha ncha za uzi za sentimita 15 na uzifiche kwa sindano butu katika pande tatu: nenda, rudi, kisha pinda upande mwingine. Akriliki inateleza, ncha iliyopita upande mmoja tu itatoka ikifuliwa mara ya pili. Usiunge uzi kwa fundo katikati ya mstari, fundo hupenya upande wa mbele.

Sufu iloweshe, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, ilaze bapa kwa vipimo vyake hadi ikauke. Akriliki usiiguse kwa pasi ya moto: nyuzi zinalegea moja kwa moja na kofia haitashika tena. Kama umechanganya nyekundu na nyeupe, bana kipande cha majaribio kilicholowa ndani ya kitambaa cheupe kwa muda. Kitambaa kikipata rangi, badilisha uzi kabla hujaanza. Kisha ambatanisha karatasi fupi: uzi wa aina gani, maji ya joto gani, kukausha kwa kulaza. Sufu ambayo haijatengenezwa kwa mashine ya kufulia hujikaza na kusinyaa ikipata joto na msuguano, na lawama zitakuja kwako kama hukuandika.

Bei inayolipa saa

Kanuni ya "gharama ya uzi mara tatu" imewafanya wafumaji wengi wafanye kazi ya karibu bure. Hebu tuhesabu. Blanketi la sentimita 75 kwa 90, kwa vitanzi 22 na mistari 28, lina vitanzi 165 kwa upana na mistari 252 kwa urefu. Hivyo ni vitanzi 41,580. Ukifuma vitanzi 25 kwa dakika, ni karibu saa 28, na pamoja na umaliziaji zinafika 30.

Tuseme saa yako umeipa thamani ya 10 kwa fedha yoyote unayotumia, na uzi wa gramu 300 umegharimu 30. Uzi 30, kazi 300, na asilimia 10 ya jumla hiyo kwa taa, mifuko, lebo na sindano zinazovunjika, yaani 33. Bei ni 363. Kwa kanuni ya mara tatu ungeuza kwa 90. Toa uzi, inabaki 60 kwa saa 30, na saa yako imelipwa 2.

Kama wateja wako hawawezi kufikia 363, usishushe thamani ya saa kimyakimya. Badilisha bidhaa: blanketi dogo, uzi mnene zaidi wenye vitanzi vichache, au kofia ya saa mbili na nusu. Kasi yako ijue kwa kuipima: andika muda wa kuanza na kumaliza kila kipindi kwenye daftari, kwa kazi tatu za aina moja, uchukue wastani. Uzi uliotumika upime kwa mizani ya jikoni, donge kabla na baada. Mizani hiyohiyo itakuambia, ukipima ulichofuma na uzi uliobaki, kama utamaliza au utakwama karibu na mwisho.

Oda, arbuni na tarehe

Kwa saa 15 za wiki, blanketi la saa 30 ni wiki mbili. Ongeza nusu ya muda huo kwa kufumua, kuumwa na wageni, utaje wiki tatu. Oda ya pili ianzie pale ya kwanza inapoishia kwenye kalenda, hata mteja akisihi. Kabla ya sikukuu funga kupokea oda mapema na ulitangaze hilo.

Pokea nusu ya bei kama arbuni, na andika kwenye karatasi mtakayobaki nayo wote wawili: vipimo kwa sentimita, rangi kwa namba ya lebo, aina ya uzi, tarehe, na kwamba mteja akighairi mwenyewe uzi ukishakatwa, arbuni hairudishwi. Ndugu na marafiki nao waandikiwe. Ukitumia muundo ulioandikwa na mtu mwingine, soma kwanza kama anaruhusu kuuza kilichofumwa kwa muundo wake. Kama unapokea pensheni au msaada wowote, ulizia mapema mapato haya yanatakiwa kutajwa vipi.

Kazi zilizokamilika zisikae wazi. Viwavi vya nondo hula sufu, hasa iliyoshika jasho, kwa hiyo ifue kabla ya kuihifadhi, ikauke kabisa, uifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Sufu yenye dalili za matundu itenge na nyingine mara moja.

Arbuni ambayo kazi yake haijakabidhiwa iweke kando, kwenye bahasha yenye jina la mteja, usiichanganye na fedha za nyumba. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani zilipo bahasha na daftari, na kwenye kila kazi inayoendelea bandika kikaratasi chenye ukubwa wa sindano, idadi ya vitanzi na mstari uliofikia. Ukilazwa hospitali kwa mwezi, mtu huyo ataweza kuwapigia wateja, na kila mmoja akaamua kama atasubiri au atachukua fedha zake.